Harufu Nzuri kwa Nani? Mbwa, Mishumaa na Chupa za Mafuta ya Kunukia

Mbwa hawezi kufungua dirisha. Hawezi kuzima mashine wala kupuliza mshumaa, na hana namna ya kutuambia kwamba ile harufu ya jana ilimsumbua usiku kucha. Anachoweza ni kuondoka, na hilo nalo analiweza tu kama mlango uko wazi. Kwa hiyo kila ninapoulizwa ni manukato gani ya nyumbani yaliyo salama kwa mbwa, huanzia hapo. Kabla ya jina la ua au tunda lililoandikwa kwenye chupa, mbwa wako ana pa kwenda?

Swali lenyewe huulizwa kwa nia njema. Mtu anataka orodha: hii tumia, hii acha. Orodha zipo tele, nami nitataja majina humu, kwa sababu yako mafuta ambayo sitaki kabisa yaingie katika nyumba yenye mbwa. Lakini orodha peke yake humpoteza mwenye mbwa. Humfanya aamini kwamba usalama umo kwenye aina ya harufu, ilhali kwa sehemu kubwa umo kwenye wingi, kwenye ukali wa kilichomo chupani, kwenye ukubwa wa chumba, kwenye muda, na kwenye njia ya kutokea. Lavenda ile ile inayoweza kumtuliza mbwa ikiwa hafifu hewani itamtapisha akiilamba sakafuni.

Tuanze na pua, maana hapo ndipo sisi na mbwa tunapoachana. Binadamu ana vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kuwa milioni 5 au 6. Mbwa, kutegemea aina yake, anaweza kufikisha milioni 300. Na si suala la idadi tu. Mbwa akinusa kwa bidii huvuta hewa mara tano hivi kwa sekunde moja, na hewa anayoitoa hupitia kwenye vile vipasuo vya pembeni mwa pua, ili isiisukume nje harufu mpya inayoingia kwa mbele. Ndani ya pua, sehemu ya hewa ile hupelekwa kwenye chumba chake cha nyuma ambacho kazi yake ni kunusa tu. Kiumbe wa namna hii haishi katika chumba chenye harufu kama tunavyoishi sisi. Kwake harufu ndiyo ramani ya chumba, ndiyo habari za nani amepita, nani ana hofu, nani amerudi.

Sasa tazama pua yetu inavyofanya. Unaingia sebuleni, unasikia harufu ya vanila. Unakaa dakika chache, huisikii tena. Haijaisha, pua yako imeizoea na ubongo umeacha kuitaja. Ndiyo maana mtu huongeza matone, akaongeza tena, akawasha mshumaa wa pili, mpaka mgeni anapoingia na kukohoa mlangoni. Kipimo chetu cha "imetosha" kimeharibika ndani ya dakika chache, na hicho ndicho kipimo tunachomtumia mnyama mwenye pua kali kuliko yetu kupita kiasi. Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo, kwa sababu mengi yanayofuata yanatoka hapo.

Sitaki kumtisha mtu. Katika matumizi ya kawaida, yaani kiasi kidogo katika chumba kikubwa chenye hewa inayopita, mbwa wengi wenye afya hawapati sumu kutokana na manukato ya nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Febreze, kipulizio cha kuondoa harufu kwenye vitambaa, ilipoingia kwa kishindo katika soko la Marekani, ulisambaa uvumi kwa barua pepe kwamba inaua mbwa na ndege. Wataalamu wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, walifuatilia, hawakukuta ushahidi wa madai hayo, wakasema inaweza kutumika katika nyumba yenye wanyama kwa kufuata maelekezo, huku ndege wakitolewa chumbani wakati wa kupuliza. Uvumi ule uliwashughulisha watu na kile kilichopulizwa juu ya kochi, na chupa ndogo za mafuta makali zikaendelea kukaa kwenye meza fupi, palepale mkia unapofika.

Hizo chupa ndogo ndizo ninazozihofia mimi. Mafuta ya kunukia ya mimea, yale yanayouzwa kwenye chupa za kioo cheusi zenye kitonea, ni kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye lundo la majani, maganda au magome. Neno "asili" lililoandikwa juu yake halimaanishi upole. Mmea hauzalishi mafuta hayo ili utupendeze. Mara nyingi huyatengeneza kuwafukuza wadudu na wanyama wanaoutafuna. Yanayeyuka katika mafuta ya mwili, hivyo hupenya ngozi na utando wa mdomo kwa urahisi, kisha ini ndilo linalobebeshwa kazi ya kuyavunja. Paka wana shida kubwa zaidi katika kazi hiyo, kwa sababu ini lao limepungukiwa njia mojawapo muhimu ya kusafisha kemikali za namna hii, na kwa hiyo watu wengi hudhani mbwa yuko salama. Mbwa ana nafuu, lakini nafuu hiyo ina mpaka.

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi ni mafuta ya Melaleuca, mti wa Australia ambao wengi huuita mti wa chai ingawa hauhusiani na chai ya kunywa. Mwaka 2014 ilichapishwa katika jarida la madaktari wa mifugo wa Marekani tathmini ya visa 443 vya wanyama waliodhurika au kuguswa na mafuta hayo yakiwa hayajazimuliwa, kati ya mwaka 2002 na 2012. Mbwa walikuwa 337, paka 106. Dalili zilikuwa kutokwa na udenda, kulegea, kuyumba, miguu kukosa nguvu na kutetemeka, zikianza kati ya saa 2 na 12 na wakati mwingine zikidumu hadi saa 72. Kinachoniuma zaidi katika takwimu zile ni hiki: katika visa 395, karibu asilimia 89, mafuta yalitumiwa kwa makusudi. Hakuna aliyetaka kumdhuru mnyama wake. Walikuwa watu wenye mapenzi, wanaotibu viroboto au vidonda vya ngozi kwa kitu walichoamini ni laini kuliko dawa.

Kisa kingine cha aina hiyo kilichapishwa mwaka 1992. Mwenye mbwa alimpaka mbwa wake mafuta ya mnanaa uitwao Mentha pulegium ili kuua viroboto, kiasi cha gramu 2 hivi kwa kila kilo ya uzito. Mbwa alianza kutapika ndani ya saa chache, na hakupita siku mbili. Ini lake lilikuwa limeharibika vibaya. Mafuta hayo yana kemikali iitwayo pulegoni, ambayo ini likijaribu kuivunja huzalisha kitu kinacholichoma ini lenyewe.

Basi nitaje majina, kama nilivyoahidi. Mbali na hayo mawili, sitaki katika nyumba yenye mbwa mafuta halisi ya wintergrini wala ya mti wa betula mtamu, maana yote mawili yamejaa salisilati ya methili, ndugu wa aspirini. Sitaki kafuri wala mafuta ya mikaratusi, ambayo yakimezwa yanaweza kuleta degedege. Mafuta ya mdalasini na ya karafuu huunguza ngozi laini na utando wa mdomo. Ya msonobari, ya mnanaa na ya maganda ya jamii ya machungwa nayo nayatenga. Ninazungumzia mafuta yaliyokamuliwa, sizungumzii kijiti cha mdalasini kilichoanguka jikoni. Tofauti ya ukali kati ya viwili hivyo ni kubwa mno.

Sasa vifaa vyenyewe, kwa sababu namna harufu inavyoletwa chumbani ina uzito kuliko jina lake. Difyuza, ile mashine ndogo inayotoa ukungu baridi, zipo za namna mbili ambazo watu huzichanganya. Moja hutumia maji na matone machache ya mafuta. Nyingine haitumii maji kabisa. Hupasua mafuta halisi yakawa vumbi la matone. Hii ya pili naikataa palipo na mbwa. Zote mbili hutoa matone madogo sana ambayo hayabaki hewani milele: hutua kwenye zulia, kwenye godoro la mbwa, kwenye manyoya yake. Kisha mbwa hujilamba. Kwa hiyo mtu anayesema "yeye anavuta hewa tu kama mimi" amesahau kwamba mbwa hulala chini, hulamba nyayo zake, na hana kawaida ya kunawa.

Kuna wanaouliza kama sauti ya mashine hizo huwaumiza mbwa, kwa kuwa zinafanya kazi kwa mitetemo ya juu. Kisahani kilichomo ndani hutetema mara milioni moja na zaidi kwa sekunde, wakati masikio ya mbwa huishia karibu na mara 45,000 kwa sekunde. Mtetemo ule hausikii. Anachoweza kusikia ni feni na mlio wa kielektroniki wa mashine ya bei nafuu, na hilo utaliona kwa masikio yake tu. Kinachowasumbua kweli wengine ni kile kipuliziaji cha ukutani kinachojifyatua chenyewe kila baada ya muda. "Fssss" ya ghafla juu ya kichwa, ikifuatwa na wingu kali puani, ni kitu kibaya sana kwa mbwa mwoga. Ukiona mbwa anazunguka mbali kukwepa kona fulani ya ukumbi, angalia juu.

Chupa ya vijiti, ile ambayo vijiti vyake hunyonya mafuta na kuyaachia hewani, inaonekana tulivu kuliko vyote. Haina moto, haina umeme, inakaa tu ikinukia. Hewani kwa kweli ni hafifu. Hatari yake ni kuanguka. Kioevu kilichomo ni mafuta ya harufu yaliyochanganywa na kiyeyusho, na mkia mmoja wa furaha unatosha kukimwaga sakafuni. Mbwa atakanyaga, atalamba nyayo, na akilamba kwa pupa anaweza kupaliwa, mafuta yakaingia mapafuni na kuleta nimonia. Iweke juu, mahali ambapo hata mbwa akisimama kwa miguu miwili hafiki, na si juu ya kitambaa kinachoning'inia.

Vile vifaa vya manukato vya kuchomeka kwenye soketi vina tatizo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: soketi nyingi ziko chini, karibu na sakafu. Kwa mtu mzima harufu inafika ikiwa imeshatawanyika. Kwa mbwa mdogo, chanzo kiko usawa wa pua yake, na mara nyingi godoro lake limewekwa ukutani pembeni mwa soketi hiyo hiyo. Mtoto wa mbwa anayeota meno atakitafuna, na hapo kuna umeme na mafuta makali kwa pamoja.

Mishumaa naipitia upesi. Nta yenyewe mara nyingi si sumu kali. Mbwa akila kipande huenda akaharisha, ingawa kipande kikubwa kinaweza kuziba utumbo. Moto ndio hatari, na masizi katika chumba kilichofungwa. Vijiti vya ubani na udi unaofukizwa ni suala la moshi. Moshi hubeba chembe ndogo chini ya mikromita 2.5, zinazopita pua na kwenda chini kabisa mapafuni, na hilo halibadiliki kwa sababu moshi unanukia vizuri. Mbwa wa pua bapa, kama Pug, Bulldog na Pekingese, tayari wanapumua kwa taabu kwa maumbile yao. Mbwa wadogo wenye bomba la hewa dhaifu, mbwa wenye kikohozi cha muda mrefu, wazee, watoto na majike wenye mimba: kwa hawa mimi singefukiza kitu ndani ya nyumba, nukta. Fukiza wakati mbwa yuko nje na madirisha yako wazi, mrudishe moshi ukishaisha.

Viko vitu viwili vinavyosahaulika. Kimoja ni yale maji ya kunukia yanayopashwa moto kwenye kibakuli kidogo juu ya mshumaa. Mengi yana sabuni za aina inayounguza tishu, na mbwa akiyalamba anaweza kupata vidonda vya ulimi na umio ambavyo havionekani mara moja. Hutokea saa kadhaa baadaye, mwenyewe akiwa ameshatulia akidhani yameisha. Cha pili ni vidonge vya kuzuia nondo kabatini. Watu huvihesabu kama dawa ya nguo na kusahau kwamba vingine huwekwa kwa ajili ya harufu. Vya naftalini huvunja chembe nyekundu za damu, na hata kimoja kinaweza kumdhuru mbwa mdogo. Vinaviringika, vina ukubwa wa kuchezewa, na mbwa hucheza kwa mdomo.

Nikisoma lebo za bidhaa hizi nakasirika, na sioni sababu ya kuficha hasira hiyo. Neno moja, "manukato" au "parfum", linaweza kufunika makumi ya kemikali. Anne Steinemann, mtafiti wa ubora wa hewa ya ndani, alichapisha na wenzake mwaka 2011 uchunguzi wa bidhaa 25 zenye harufu zinazotumika majumbani. Walikuta kemikali 133 tofauti zinazoruka hewani. Kati ya hizo, 24 zilikuwa kwenye orodha za vitu vyenye sumu au hatari katika sheria za Marekani, na kila bidhaa ilitoa angalau moja. Bidhaa zilizojiita za asili au za kijani hazikuwa na tofauti ya maana. Tena kemikali hazibaki zilivyo zilipotoka chupani. Limonini, ile inayoleta harufu ya limau, ikikutana na ozoni hewani huzaa fomaldehidi, gesi yenye sumu, na chembe ndogo mno za vumbi. Kwa hiyo zile mashine za "kusafisha hewa" kwa ozoni ziondoke kabisa. Ozoni inauma mapafu ya mtu na ya mbwa, na pamoja na manukato inazidisha kazi.

Nina neno juu ya sababu inayowafanya wengi wetu kununua vitu hivi: nyumba inanuka mbwa. Naelewa. Lakini mbwa mwenye afya, anayeogeshwa na kubadilishiwa matandiko, hanuki vibaya kiasi cha kuhitaji mashine tatu. Akianza kunuka, mwili wake unasema jambo. Harufu nzito ya chachu kutoka masikioni mara nyingi ni fangasi. Harufu ya samaki waliooza inayokuja na kutoweka hutoka kwenye vifuko viwili vidogo pembeni mwa tundu la haja, vikiwa vimejaa au vimeambukizwa. Mdomo unaonuka uozo ni ugonjwa wa fizi na meno; mdomo wenye harufu ya mkojo unaweza kuwa figo; pumzi yenye harufu tamu ya asetoni inaweza kuwa kisukari kilichofika pabaya, na hilo ni la kukimbilia hospitali. Mbwa wangu, Doa, ambaye sasa ni mzee, hakuwahi kulalamika kuhusu jino lake lililooza. Alikula, alicheza, alitingisha mkia. Harufu ya mdomo wake ndiyo iliyotupeleka kwa daktari wa mifugo, na jino likang'olewa kabla usaha haujafika kwenye taya. Katika sebule iliyojaa vanila, ningeisikia harufu ile? Sidhani, na ndiyo sababu nimeamua pua yangu ibaki na kazi yake.

Kwa harufu ya kawaida ya nyumba, dawa ni kuondoa chanzo. Mkojo kwenye zulia unasafishwa kwa kisafishaji chenye vimeng'enya vinavyovunja kile kinachonuka. Chenye amonia kiepuke, maana kwa pua ya mbwa kinafanana na mkojo na kitamwita arudi palepale. Foronya na blanketi zake zifuliwe kwa sabuni isiyo na harufu. Kichujio cha hewa chenye mkaa amilifu hunasa harufu. Kile cha HEPA peke yake hunasa vumbi na manyoya, lakini gesi za harufu hukipita. Na dirisha. Hakuna bidhaa niliyoiona inayoshinda dirisha lililofunguliwa asubuhi.

Ningekuwa mdanganyifu nikisema kila harufu ni adui wa mbwa. Mwaka 2005 watafiti wa Queen's University Belfast, akiwemo Deborah Wells, waliwanusisha mbwa 55 waliokuwa kwenye makao ya kuokoa mbwa harufu mbalimbali. Lavenda na kamomili ziliwafanya wapumzike zaidi na kubweka kidogo; rozimeri na mnanaa ziliwachangamsha. Yaani harufu inaingia kwenye hali yao ya ndani, kwa wema au kwa ubaya, na kwa hilo inastahili heshima tunayoipa dawa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2019, watafiti wa tabia za mbwa Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walionyesha kwamba mbwa waliopewa mazoezi ya kutafuta kwa kunusa walikuwa na matumaini zaidi katika kipimo kilichofuata kuliko wale waliofundishwa tu kutembea kando ya bwana wao. Ukitaka kumpa mbwa wako harufu, mpe ile: mwache anuse nyasi kwa muda anaoutaka yeye, mfichie kitu kwenye kitambaa akitafute. Hapo harufu ni yake, yeye ndiye anayeifuata na yeye ndiye anayeiacha.

Kama bado unataka nyumba yako inukie, na hakuna dhambi katika hilo, fanya hivi. Chumba kimoja tu, kisiwe anacholala. Mlango wazi. Dakika, si saa. Zima kabla hujaizoea harufu mwenyewe. Mtazame: akipiga chafya, akijisugua uso kwa mguu, akilambalamba midomo bila chakula, akitoka chumbani na kukataa kurudi, ameshakujibu. Mbwa aliyelala hupumua kwa kawaida chini ya mara 30 kwa dakika. Zoea kuhesabu ya wako akiwa mzima, ili siku ikizidi ujue. Na kamwe usimpake mafuta ya kunukia, wala usiyaweke kwenye ukanda wake wa shingoni, ambako hataweza kuyakimbia mchana wala usiku.

Likitokea la kutokea, usimtapishe. Mafuta na sabuni kali huunguza mara ya pili yakirudi, na yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke nje kwenye hewa safi. Kama yamemwagikia manyoya, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, ambayo hukata mafuta, kisha msuuze vizuri. Mzuie kujilamba mpaka umalize. Kama ameyumba, anatetemeka, anadondosha udenda au anapumua kwa shida, usisubiri kuona itakavyokuwa. Mpigie daktari wa mifugo na ubebe chupa yenyewe, maana kilichoandikwa juu yake, hata kikiwa kidogo, kinamwokolea daktari muda. Baadhi ya nchi zina vituo vya simu vya sumu kwa wanyama. Tafuta namba hiyo leo, wakati umetulia.

Limebaki gari, na mimi naliona kuwa chumba kibaya kuliko vyote vya nyumbani. Ni dogo, limefungwa, jua likilipiga joto hupanda na kile kichupa kinachoning'inia kwenye kioo hutoa mvuke maradufu, na mbwa amefungwa mkanda kiti cha nyuma. Deborah Wells huyo huyo alichapisha mwaka 2006 jaribio la mbwa 32 waliokuwa na fujo safarini. Wakiwa na harufu ya lavenda garini walikaa na kulala zaidi, wakapunguza kuhangaika na kelele. Wengi wamelisoma hilo kama ruhusa ya kumwaga mafuta kwenye mazulia ya gari. Wale mbwa walipewa harufu hewani. Hawakupakwa wala hawakukanyagishwa mafuta. Katika gari letu hakuna kinachoning'inia. Safari ikiwa ndefu tunasimama Doa ashuke anuse, na nikipanda naye gari la mtu mwingine lenye harufu kali naomba vioo vishushwe kwanza, tukisubiri nje kidogo, kabla sijamwambia apande.